Mume aliyeshtaki Kiha cha mkewe

Mume aliyekuja kwenye baraza la usuluhishi la ndoa la kata yetu, Kigoma mjini, hakudai kwamba mkewe ana hawara, wala kwamba hapiki, wala kwamba anatafuna hela za matumizi. Alilalamika kwamba mkewe amejifunza Kiha, lugha ya Waha, kabila la mume mwenyewe. Katibu alipofika kwenye sehemu ya chanzo cha mgogoro aliandika "lugha", akaweka alama ya kuuliza, na wajumbe wakacheka. Kufikia jioni hakuna aliyekuwa anacheka.

Nilikaa kwenye shauri hilo kama mjumbe. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro upite kwanza kwenye baraza kabla ya mtu kufungua madai ya talaka mahakamani, ndiyo maana mengi yanayotufikia hayajaiva: watu wamekasirika, ila hawajui hasa wanataka nini. Wahusika wameridhia kisa chao kiandikwe. Majina na kata nimeviacha, na mambo mawili matatu ambayo yangewatambulisha nimeyageuza.

Nyumba yenyewe

Mume ni Muha wa Buhigwe, kule juu karibu na mpaka wa Burundi. Kazi yake ni mawese: ananunua vijijini kwa madumu, anayakusanya mjini, anayapakia treni kwenda Tabora. Mke ni Mnyamwezi, mzaliwa wa Tabora mjini, mwalimu wa shule ya msingi. Walijuana Tabora, wakaoana huko, kisha mke akaomba uhamisho akamfuata mwenzake. Wana miaka 11 ya ndoa na watoto wawili, kijana wa miaka 10 anayesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza na binti wa miaka 6.

Ndoa ya namna hii Kigoma si habari. Njia ya Tabora na Ujiji ilikanyagwa na wapagazi wa Kinyamwezi tangu enzi za misafara, reli ikaifuata ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na kote huko kilichowaunganisha watu ni Kiswahili. Huku chini ziwani, Ujiji na mjini, Kiswahili ni lugha ya nyumbani tangu zamani. Ukipanda kwenda Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko, unaingia kwenye Kiha. Kwa hiyo mtu anaweza kuolewa Kigoma, akaishi Kigoma, asihitaji neno moja la Kiha mpaka siku anapopelekwa ukweni.

Ukweni kulikuwa na bibi, mama mzazi wa mume, mjane aliyevuka miaka 70. Hakupelekwa shule. Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu na bei za sokoni. Kila Desemba familia ilipanda kwenda kumwona, wanakaa siku chache, na kila kilichosemwa kati ya mkwe na mkamwana kilipitia kinywani mwa mume. Anauliza mke, mume anageuza. Anajibu bibi, mume anageuza. Mke alituambia kwamba kwa miaka yote hiyo alimwona mama mkwe wake kuwa mama mkimya, mpole, asiyempenda sana. Bibi naye alimwona mkamwana wake kuwa mwanamke wa kujivuna, lakini mwenye adabu. Walikuwa na amani, na siidharau hata kidogo. Nimeona ndoa nyingi zikivunjika kwa kukosa hata hiyo.

Kisha bibi akafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, akaletwa mjini kuuguzwa, akabaki. Mume ni mtu wa safari. Akiondoka kufuata mawese, wanawake wawili wanabaki ndani bila mkalimani, mmoja macho hayajapona vizuri, mwingine anarudi kazini saa tisa akiwa hoi.

Alivyojifunza

Hapa ningependa kwenda taratibu, kwa sababu baadaye mume alituaminisha kwamba mkewe alijifunza kwa siri kama jasusi. Haikuwa hivyo. Alijifunza kwa sababu kuna mtu ndani ya nyumba anayehitaji dawa ya macho mara kadhaa kwa siku na hawezi kueleza kama inamuwasha au inamuuma.

Alianza na jirani Muha aliyemwandikia sentensi za hospitali na za jikoni kwenye daftari. Baadaye bibi mwenyewe akashika ualimu, wakiwa wanachambua dagaa au maharage. Bantu kwa Bantu hazipo mbali: anayejua mtu na watu haoni ajabu kwenye umuntu na abantu, na mwalimu wa Kiswahili aliyezoea kufundisha ngeli alishaona kwamba ngeli zipo mahali pake, ila zimetanguliwa na irabu. Kilichomtesa ni toni. Kiswahili hakina toni za kutofautisha maana, Kiha kinazo, na bibi hakuwa na huruma. Neno likikosewa linarudiwa hadi linyooke.

Kulikuwa na jambo lingine lililomsaidia, na alilisema kama utani. Alipokuwa mtoto Tabora, wazazi wake waliongea Kinyamwezi kila walipotaka watoto wasielewe: ada imepungua, shangazi ana mimba, baba kasimamishwa kazi. Hakufundishwa Kinyamwezi, lakini alikua akitega sikio kwa maneno ambayo hayakuwa yake. Wasomaji wengi waliolelewa kwenye miji yetu watajijua hapo. Lugha ya kwenu unaijua kwa sura ya siri, unaielewa nusu, na huthubutu kuifungulia mdomo.

Mwaka ulipokaribia kuisha, alikuwa anafuata mazungumzo. Mume alijua mkewe ana maneno yake ya kuombea maji na chumvi. Hakujua kwamba yamefika mbali hivyo, kwa kuwa mbele yake wote wawili waliendelea kumsubiri ageuze, kwa mazoea.

Yaliyofichuka

Jioni moja bibi alikuwa kwenye simu na dada yake, akalalamika juu ya nyumba. Mwanawe alitaka kumjengea kijijini, nyumba ya matofali ya kuchoma na bati, ila mkewe amekataa kuachia fedha. Mke alikuwa anasonga ugali. Hakuwahi kusikia habari ya nyumba yoyote.

Badala ya kugombana alianza kuuliza, kidogo kidogo, siku baada ya siku, na bibi naye akauliza ya kwake. Likizo za watoto: mke aliambiwa bibi amechoka, hataki kelele, bibi aliambiwa mama watoto anaogopa wanawe walale kijijini. Shughuli za ukoo ambazo mke hakuonekana: bibi aliambiwa mwalimu hapewi ruhusa kazini, mke hakuambiwa hata kama zipo. Lililomuuma bibi kuliko yote ni jina. Aliomba mjukuu wa kwanza apewe jina la babu yake, akajibiwa kwamba mkamwana hakulitaka. Mkamwana hakujua kwamba ombi hilo liliwahi kutolewa mpaka siku bibi alipomwambia.

Angalia jinsi kazi ilivyofanywa kwa ustadi. Hakuna fedha iliyoibiwa, hakuna mwanamke wa pembeni. Kila jambo ambalo mume mwenyewe hakulitaka, alilikataa kwa kinywa cha mtu mwingine. Kwa mama yake alikuwa mwana mtiifu aliyepata mke mgumu. Kwa mkewe alikuwa mume anayemtuliza mama mkorofi. Pande zote mbili zilimhurumia.

Wangeweza kuyamaliza ndani. Lakini kukatokea msiba Buhigwe, na kwenye matanga shangazi wa mume, mbele ya wazee, akamgeukia mke akamsema kwa kumwacha mama mkwe kwenye nyumba ya nyasi hali ana mshahara wa serikali. Mume akageuza kwamba shangazi anamshukuru kwa kuja. Mke akamjibu shangazi moja kwa moja, kwa Kiha, kwamba hajawahi kuombwa nyumba, na kwamba alichogeuziwa sasa hivi sicho kilichosemwa.

Wiki iliyofuata mume alikuja kwetu.

Barazani

Alikuwa na madai matatu. Mkewe amemvunjia heshima mbele ya ukoo. Mkewe alijifunza lugha ili amchunguze. Na alitaka baraza liamue kwamba nyumbani kwake kizungumzwe Kiswahili tu, lugha ya Taifa. Hilo la mwisho alilisema akiwa amesimama.

Zamu ya bibi ilipofika, mwenyekiti aliuliza nani atageuza, na mume akasogeza kiti chake mbele kabla swali halijaisha. Hakuwa na hila, nadhani. Ni miaka ya mazoea. Mke akanyoosha mkono kama mwanafunzi, akasema yeyote isipokuwa huyo, na isipokuwa yeye mwenyewe pia. Tulimpa kazi hiyo mjumbe mwenzetu, mama wa Kasulu.

Bibi hakumtetea mkamwana kama tulivyotazamia. Alisema amefurahi kumjua, kwamba kumbe ni mtu wa maneno mengi na hana subira, wala si mwenye majivuno. Kisha akamshtaki. Alipokuwa mgeni asiyejua lugha, alitaja jina la marehemu baba mkwe wake hadharani bila kizuizi na hakuna aliyejali, maana mgeni husamehewa. Sasa anajua kusema, basi na ajue la kutosema. Kumjibu shangazi mbele ya wazee ni kosa, hata kama shangazi amedanganywa. Alipaswa kunyamaza, alie na wenzake, aje kulisema ndani kesho yake.

Hili ndilo jambo ambalo wajumbe wenzangu walilipita haraka, na kwangu ndilo lenye uzito. Kwa Kiswahili mke huyu ni mwalimu, mtumishi, mtu wa Tabora mwenye sauti sawa na mumewe. Alipoingia kwenye Kiha hakuingia kama mwalimu. Alipewa nafasi iliyokuwa wazi, ya mkamwana, pamoja na sheria zake zote: nani wa kumtazama usoni, jina gani halitajwi, nani anaanza kusema. Tunasifu kujifunza lugha kana kwamba ni kuongeza tu. Yeye aliongeza, na papo hapo akapungukiwa, kwa sababu ule uhuru wa mgeni uliondoka. Alituambia kwamba akiwa anaongea Kiha sauti yake hushuka yenyewe, na kwamba kwenye matanga alitumia maneno ya Kiha kwa sauti ya darasani. Huo ndio mgongano ambao shangazi aliusikia kabla hajasikia habari ya nyumba.

Mume tulimsikiliza mwisho, na nusura tusimsikilize, kwani tulishamhukumu. Mama wa Kasulu ndiye aliyemuuliza, kwa Kiha, kwa nini hakutaka lile jina.

Akajibu kwa Kiswahili. Alipokuwa na miaka 19 alipanda basi kwenda Tabora kutafuta kazi. Njiani kulikuwa na ukaguzi. Alipofungua mdomo, lafudhi yake ikamshusha. Akaulizwa alisoma shule gani, mwenyekiti wa kijiji ni nani, babu yake amezikwa wapi. Jina lake lilisikika kama la ng'ambo ya mpaka. Basi likaondoka. Aliachiwa jioni, bila kuambiwa kosa wala kuombwa radhi, akalala barabarani.

Kwa msomaji asiyeijua Kigoma: Kiha na Kirundi husikilizana, msemaji wa kimoja anamwelewa wa kingine bila kusomea. Tangu 1972 mkoa umepokea wimbi baada ya wimbi la wakimbizi kutoka Burundi, na kambi kama Nyarugusu na Nduta ziliwekwa kwenye wilaya zilezile za Waha. Anayekagua hana kipimo cha haraka zaidi ya sikio. Hivyo raia wa vizazi na vizazi anaweza kuonekana mgeni kwa sababu ya lugha aliyonyonya kwa mama yake. Ongeza na dharau ya zamani, ya wakati mkoa huu ulipokuwa chimbuko la manamba wa kukata mkonge huko Tanga, na mzaha wa mwisho wa reli ambao hauchekeshi kila mara.

Kijana yule alifika Tabora akajisugua Kiswahili mpaka hakuna aliyeweza kumtambua. Akiulizwa kwao, alisema Ujiji. Mkewe alikubali kuchumbiwa naye akiamini ni mtu wa Ujiji. Alijua Buhigwe siku ya kupeleka barua. Watoto hakuwafundisha Kiha hata neno. Jina la babu alilikataa kwa sababu hakutaka mwanawe ashushwe kwenye basi.

Ninavyokiona kisa hiki

Wajumbe wengi waliona uongo, na ulikuwepo. Mimi naona kwamba mume alijenga nyumba ya vyumba viwili visivyo na mlango kati yake. Chumba cha Kiswahili kilikuwa na mfanyabiashara wa Ujiji, mtu wa mjini. Cha Kiha kilikuwa na mwana wa Buhigwe. Ukalimani ulimpa kazi ya kulinda ukuta, na mkewe alipojifunza Kiha aliutoboa. Ndiyo maana hasira yake haikulingana na kosa. Nyumba ya bati ingeelezeka kwa dakika tano.

Mwanaisimu wa Marekani Joshua Fishman alisisitiza kwamba lugha huishi au hukatika nyumbani, mzazi anapomrithisha au asipomrithisha mtoto, na kwamba shule na redio haziwezi kuziba pengo hilo peke yake. Herman Batibo, mwanaisimu wa kwetu Tanzania, alionyesha kwamba lugha ndogo za Afrika husukumwa zaidi na lugha kubwa za Kiafrika zilizo jirani kuliko Kiingereza au Kifaransa. Kisa hiki kinawapa haki wote wawili, lakini kwa njia ya kupinda. Kiha hakifi. Mkoa ulikuwa na watu zaidi ya milioni 2.4 kwenye sensa ya 2022, na huko milimani watoto wanacheza na kugombana kwa lugha hiyo. Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia shule za msingi tangu 1967, na hakuna aliyemkataza baba huyu kusema na mwanawe lugha aitakayo chumbani kwake. Katika nyumba hii Kiha kilikatwa na mtu mmoja, kwa hofu, akidhani anawakinga wanawe.

Tabora nako kulikuwa na la kusema. Mke alipomsimulia mama yake kwa simu kwamba sasa anaongea na mkwe wake bila mtu wa kati, alitegemea pongezi. Mama alikaa kimya, kisha akasema kwamba yeye akiongea Kinyamwezi hujibiwa Kiswahili tangu binti anaota meno. Yalimwingia. Tangu hapo amejaribu kujifunza Kinyamwezi, na haendi popote. Kila akikosea mama anacheka na kuhamia Kiswahili, na mazungumzo yanaendelea kwa raha. Nimefikiri sana juu ya hilo. Mama mkwe hakuwa na lugha nyingine, basi ilibidi. Mama mzazi anacho Kiswahili, tena kizuri, na upendo peke yake haujatosha kuwafanya wataabike. Mwanamke huyu huenda akazeeka akiwa na Kiha cha ukweni na bila Kinyamwezi cha kwao, na mama yake atalihesabu kuwa chaguo, hata kama halikuwa.

Watoto wamegawanyika. Binti analala na bibi na anazungumza Kiha bila kujua kwamba ni lugha nyingine. Kijana hataki. Shuleni Kiha kinachekwa, na nyumbani amemwona baba yake akikikimbia, kwa hiyo ana sababu mbili. Ila huwa anamsomea bibi vitabu vya Kiswahili vya dada yake, na bibi anarudia. Mke anasema Kiswahili cha bibi sasa kinazidi bei za sokoni kwa mbali. Mwanawe akiingia, bibi anaacha.

Walivyoafikiana

Ombi la Kiswahili tu halikupita. Mume alikubali kutogeuza tena maneno kati ya mama na mkewe, na kuanza nyumba Buhigwe, mke akichangia bati. Mke alikubali kwenda kumwomba radhi shangazi, kwa Kiha, kwa namna ya kutolea maneno bali si kwa habari yenyewe. Bibi alimfanyisha mazoezi kama mtoto wa kipaimara. Jina la babu lilichukua muda kuliko yote. Bibi alitaka liingie kwenye cheti. Mume alikataa, safari hii kwa kinywa chake mwenyewe, na akaeleza sababu ambayo mama yake hakuwa ameisikia. Mwishowe kijana ataitwa hivyo ndani ya nyumba, si kwenye karatasi. Kijana hakuulizwa. Hilo lilikuwa pengo letu sote, na nadhani litarudi.

Talaka haikutajwa tena. Tulipowaita kwa ufuatiliaji, kuta za nyumba zilikuwa zimefika kwenye linta na mume alikuwa ameshampeleka kijana Buhigwe mara moja, kwa basi, mchana. Bibi anataka kurudi kwao kabla ya msimu wa kuchuma kahawa, na anaomba aende na binti, aanzie darasa la kwanza hukohuko. Mke amekataa. Mara hii ni kweli yeye ndiye aliyekataa, na amemwambia bibi mwenyewe. Bibi amenuna, na katibu ameliandika hilo nalo kwenye faili.